Wanachama wanataka tugawane akiba yote. Kuwaambia "jioneni mko mwaka 2055" kunasaidia, au ni maigizo?

MwekaHazina_II

Wadau, habari zenu.

Mimi ni mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji. Tuna kisima kirefu kimoja, pampu ya kuzamisha, paneli za jua na tangi la juu. Kila kaya inalipa kwa mita, na kinachobaki baada ya kumlipa mlinzi na fundi kinaingia kwenye mfuko wa akiba. Waanzilishi waliuweka mfuko huo kwa ajili ya siku pampu itakapokufa, paneli zitakapochoka au kisima chenyewe kitakapohitaji kusafishwa.

Shida yangu ni kwamba kila mkutano mkuu, ajenda ya "mengineyo" inageuka ajenda ya kugawana. Hoja ni ileile: fedha zimelala, wanachama wana shida sasa. Na siwezi kusema wanadanganya. Kuna mama ambaye mtoto wake karudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Anaiona kwenye taarifa yangu tarakimu ambayo ingeimaliza shida yake na ikabaki, halafu mimi nasimama mbele yake kuzungumzia pampu ambayo inafanya kazi vizuri kabisa. Mwaka jana tuligawana nusu. Mwaka huu kuna watu wameshapita nyumba kwa nyumba, wanataka igawanywe yote na bei ya maji ishushwe.

Hesabu nimejaribu. Nimechora jedwali la umri wa kila kifaa, nimeonyesha kwamba pampu imeshakula sehemu kubwa ya maisha yake. Wanatikisa vichwa kukubali, kisha wanapiga kura kama walivyokuja nayo kutoka nyumbani. Nimejaribu pia "tuwafikirie watoto wetu", na hapo ndipo nilipoumbuka. Yule mama alinijibu kwamba yeye ndiye anayemfikiria mtoto wake, tena wa leo, anayetakiwa darasani Jumatatu. Nikakosa la kusema.

Sasa nimesikia kuna utaratibu ambao baadhi ya watu kwenye mkutano wanapangiwa wawe watu wa kizazi kijacho, wanazungumza kana kwamba wako huko, na kwamba umefanyiwa majaribio ya kweli. Kuna anayeujua kwa karibu? Unafaa kwa watu wenye shida ya leo au ni wa walioshiba? Na unaendeshwaje? Maana nikiwaambia tu "fumbeni macho mjione mko 2055", nitachekwa mpaka niombe kujiuzulu.

---

Kibubu

Pole mkuu, cheo cha mweka hazina hakina rafiki.

Kabla ya maigizo, ujue hesabu ambayo wanachama wako wanaipiga kichwani bila kuitamka. Wanaipunguza thamani ya kesho, jambo ambalo wachumi hulifanya kwa kalamu. Chukua hasara ya milioni moja itakayompata mtu miaka 50 kutoka sasa. Ukiipunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo inahesabika kama 87,000. Ukiisogeza hadi miaka 100, inabaki 7,600 hivi. Yaani mtu wa karne ijayo anapoteza milioni nzima, na karatasi yetu inatuambia tusitoe hata elfu nane kuizuia. Sasa weka asilimia 1 badala ya 5: ile ya miaka 50 inaruka hadi 608,000. Hasara ni ileile na mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni namba moja ambayo mtu fulani aliichagua akiwa mezani kwake.

Na wakubwa wenyewe hawakubaliani juu yake. Nicholas Stern, katika ripoti ya uchumi wa tabianchi aliyoiandikia serikali ya Uingereza mwaka 2006, sehemu ya punguzo inayotokana na wakati peke yake aliiweka asilimia 0.1. William Nordhaus, mchumi wa Marekani, alitumia 1.5. Sehemu kubwa ya ugomvi wao, Stern akitaka hatua kubwa mara moja na Nordhaus akitaka kuanza taratibu, ilitokana na chaguo la namna hiyo. Zamani zaidi, mwaka 1928, Frank Ramsey alishaandika kwamba kuipunguzia uzito furaha ya watu kwa sababu tu inakuja baadaye hakuwezi kutetewa kimaadili, na kwamba chanzo chake ni uwezo hafifu wa kuona kwa fikra jambo ambalo halijafika.

Kwa hiyo hayo maigizo yako huenda yanagusa penyewe. Ila tahadhari: mama anayedaiwa ada ya Jumatatu fikra zake hazina uhafifu wowote. Ana deni. Usimtibu ugonjwa asiokuwa nao.

---

Mama Mkutano

MwekaHazina_II, kazi yangu ni kuendesha mikutano: vikundi vya umwagiliaji, vyama vya kuweka na kukopa, kamati za majengo. Huo utaratibu nimeutumia na watu wa kila namna, wakiwemo wenye njaa. Nitakueleza ninavyoujua.

Umetoka Japani, kwa mwanauchumi Tatsuyoshi Saijo na wenzake. Walianzia maabara. Watu watatu wanawekwa kwenye kundi na kupewa chaguo mbili. Chaguo moja linawapa wao fedha zaidi lakini linapunguza fungu la kundi litakalofuata. Jingine linawapa wao pungufu na la wafuatao linabaki salama. Walipoachwa wenyewe, asilimia 28 ndio waliochagua njia ya kuwalinda wafuatao. Mmoja wao alipoambiwa tu kwamba anawawakilisha wale watakaokuja, wakafika asilimia 60. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Nje ya maabara, mwaka 2015 wakaingia Yahaba, mji mdogo katika mkoa wa Iwate. Wakazi walikuwa wanajadili mipango ya mji wao. Baadhi ya makundi yalikaa kama watu wa leo, mengine yakapangiwa kwamba yanaishi mwaka 2060. Makundi ya leo yalianzia kwenye kero za sasa na namna ya kuzipunguza. Ya 2060 yakashika mambo magumu ya muda mrefu, na hayakuona haya kumtwika mtu wa leo mzigo. Wapo waliovaa majoho maalumu ili kila mtu ajue huyu sasa hivi anazungumza akiwa wapi. Ulisema unaogopa kuchekwa. Watacheka, ndiyo, dakika kumi za kwanza. Waache wacheke.

Ukiniuliza mimi unafanya nini kwa watu, nitakujibu tofauti na wengi wanavyodhani. Sijaona ukimgeuza mtu bahili akawa mkarimu. Nilichoona ni mtu yuleyule, na tabia zake zote, kuanza kuona mambo ambayo kiti chake cha leo kilikuwa kinamficha.

Kwenye kikundi kimoja cha umwagiliaji, kinara wa kugawana fedha, mzee mkali kweli, alipangiwa meza ya baadaye kwa kura. Alinuna. Wenzake wakaanza kupanga mazao ya mwaka 2050, yeye kimya. Baadaye sana akauliza: hivi huu mfereji unapita kwenye shamba la nani? Wakamtajia. Akauliza: na hati ya njia ya maji iko wapi? Haikuwepo. Ilikuwa ruhusa ya mdomo kutoka kwa mwenye shamba, mtu aliyekuwa mzee kuliko yeye. Meza ya leo ilikuwa imebishana asubuhi nzima kuhusu fedha za mfuko na hakuna aliyeliwaza hilo, kwa sababu leo mwenye shamba yuko hai na ni mtu mwema. Lakini huyu, akiwa 2050, alijikuta anadai maji kwa warithi wasiomjua. Hakuwa ameokoka. Alikuwa mbishi uleule, ila sasa ubishi wake ulikuwa unatufanyia kazi. Sehemu ya fedha alizotaka zigawanywe ilikwenda kulipia mpima ardhi na uandikishaji, na hoja aliitoa yeye mwenyewe.

Sasa uendeshaji, maana hapa ndipo wengi wanaharibu.

Usimzeeshe mtu. Ukimwambia "wewe sasa una miaka 85", ataanza kuwaza magoti yake na nani atamtunza. Hiyo ni akiba ya uzeeni, somo jingine lenye utafiti wake: mwaka 2011 Hal Hershfield na wenzake walionyesha kwamba watu waliotazama sura zao zilizozeeshwa kwa kompyuta walitenga fedha nyingi zaidi kwa ajili ya kustaafu. Jambo zuri, lakini yule ni wewe mwenyewe bado. Kwenye utaratibu huu mtu anabaki na umri wake. Kama ana miaka 41, basi ni mwaka 2055 na ana miaka 41, ameamka, anafungua bomba. Wewe wa leo kwake ni jina kwenye daftari.

Usimpe mjukuu wake pia. Akiwa na mjukuu atamtetea wa kwake, na watu wana mbinu nyingi za kumwokoa mjukuu mmoja: atachimba kisima chake, atahamia kwingine. Mpe kiti ambacho hajui kitakaliwa na nani.

Na kabla ya kwenda mbele, warudishe nyuma. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote na ndicho kinachorukwa zaidi. Watafute kumbukumbu za waanzilishi, wasome kwa sauti kile kilichoamuliwa wakati ule, kisha watoe hukumu: tuwashukuru kwa lipi, tuwalaumu kwa lipi? Watu ambao hawajawahi kumwaza mtu wa mwaka 2055 wanajua vizuri sana kuwalaumu watangulizi wao. Wakishawalaumu vya kutosha, waambie wabadilishane viti. Hapo huhitaji kuwaambia wafumbe macho. Wameshajua inavyokuwa kukaa mwisho wa uamuzi wa mtu mwingine.

Wakiwa huko mbele, wakataze "itakuwa" na "tutakuwa". Waseme "pampu yetu ni ya tatu hii", "maji yanatoka saa mbili kwa siku", "wale wa 2026 walitufanyia hivi". Atakayesema "watu wa baadaye watapenda" mrudishe kwenye kiti. Inaonekana ukorofi mdogo wa sarufi, ila bila huo baada ya robo saa utakuwa na kikao cha kawaida chenye beji.

Kuhusu yule mama. Kibubu amesema kweli, na mimi nakwenda mbali zaidi: usianze zoezi kabla shida yake haijawekewa njia. Mkutano unaomwambia mtu mwenye deni la Jumatatu akae 2055 unamtukana. Tengeni dirisha dogo la mkopo wa dharura, lenye ukomo na tarehe ya kurudisha, lipitishwe kwanza, asubuhi. Kisha ndipo mjadili mfuko mkubwa. Nimeona mara nyingi kwamba "tugawane yote" inabebwa na watu wachache wenye dharura halisi, na wengine wanapanda humo humo.

---

SheriaKwanza

Mama Mkutano nakuheshimu, ila mbona tunazungumza kana kwamba tatizo ni fikra za watu wote? Mara nyingi ni wachache.

Kuna jaribio la mwaka 2014 la Oliver Hauser, David Rand na wenzao. Makundi ya watu watano, kila kundi na hazina ya pamoja. Kila mmoja anachota anavyotaka. Wasipovuka nusu, hazina inajaa tena na kizazi kinachofuata kinaikuta kamili. Wakivuka, basi, wanaofuata hawakuti kitu. Kila mtu alipojichotea mwenyewe, hazina iliangamia karibu kila mara. Na siyo kwa sababu wengi walikuwa walafi, wengi walichota kwa kiasi. Waliimaliza wachache waliochota kupita kipimo. Waandaaji walipobadilisha utaratibu, watu wakapiga kura na kiwango cha katikati kikawa ndicho cha wote, hazina ikadumu kizazi baada ya kizazi. Fikra za washiriki hazikuguswa. Kilichoguswa ni kanuni.

Kwa hiyo swali langu kwa mweka hazina: katiba ya jumuiya yenu inasema nini kuhusu mfuko? Kama kila mwaka uko mezani, basi kila mwaka lazima ushinde, na wenzako wanahitaji kushinda mara moja tu.

Norwei walitunga sheria ya mfuko wa mafuta mwaka 1990, fedha za kwanza zikaingia 1996, na mwaka 2001 wakajiwekea kanuni kwamba kwa kawaida serikali itumie kile tu kinachotarajiwa kama faida, wakati huo asilimia 4 ya mfuko. Mwaka 2017 wakaishusha hadi 3. Wabunge wao wanaisogeza huku na huku miaka ikiwa mibaya, lakini mjadala wa kila mwaka ni kuhusu asilimia. Hakuna anayesimama kusema tugawane yote.

Wales walikwenda njia ya sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo, 2015, pamoja na kamishna wake. Sheria hiyo ilitajwa sana kwenye ubishi wa barabara mpya ya M4 karibu na Newport, ambayo serikali iliifuta mwaka 2019, ingawa gharama nazo zilikuwa sababu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 201, inataka mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Na Ujerumani mwaka 2021 mahakama ya katiba iliirudisha sheria ya tabianchi ikarekebishwe kwa sababu iliusukuma mzigo mzito wa kupunguza hewa chafu baada ya 2030, kwa watu ambao uhuru wao ungebanwa ili wa leo wapumue.

Nisiwadanganye kwamba taasisi zinadumu zenyewe. Israeli walikuwa na kamishna wa vizazi vijavyo bungeni kuanzia 2001, muhula wake ulipoisha 2006 hawakuteua mwingine. Hungaria walikuwa na mlinzi wake anayejitegemea, mwaka 2012 akawekwa chini ya ofisi kubwa ya haki za msingi kama naibu. Asiyezaliwa hana kura ya kuitetea ofisi yake. Lakini hata hivyo, kati ya kanuni iliyoandikwa na kikao cha kuigiza, mimi najua nitaishika ipi.

---

MwekaHazina_II

Asanteni sana, kweli nimepata zaidi ya nilichotarajia.

SheriaKwanza, katiba yetu inasema mfuko utatumika "kwa maamuzi ya mkutano mkuu". Basi. Hakuna kiwango cha chini, hakuna masharti. Naona sasa ninaposimama.

Mama Mkutano, nimefuata la kurudi nyuma. Nimelitafuta daftari la waanzilishi, lilikuwa kwa mke wa katibu wa zamani. Nimeona jambo ambalo sikulitegemea: mkutano wa kwanza kabisa uliojadili mfuko ulikuwa na mjumbe aliyeupinga, kwa maneno karibu sawa na ya mwaka huu, kwamba fedha zisilale wakati watu wana shida. Walibishana hadi jioni. Walipoamua bei ya maji waliiweka juu ya gharama kwa makusudi, na imeandikwa kwamba baadhi yao waliendelea kuchota mtoni miezi ya mwanzo kwa sababu hawakuimudu. Nilikuwa nadhani wale walikuwa watu wenye nafasi kuliko sisi.

Ila kuna hoja moja inayonisumbua na najua itatoka, kwa sababu mwenyekiti mwenyewe anaisema. Anasema watu wa 2055 watakuwa na teknolojia yao na fedha zao. Pampu zitakuwa rahisi. Sasa kwa nini maskini wa leo amwekee akiba tajiri wa kesho? Nimeitafutia jibu, naona ina ukweli.

---

Kibubu

Ina ukweli, ndiyo. Ni sababu ya heshima kabisa ya kupunguza thamani ya kesho, na hata Stern aliikubali. Mtu mwenye vingi, kimoja zaidi hakimsaidii kama kinavyomsaidia asiye nacho. Ile asilimia 0.1 ni ya wakati peke yake; alipoongeza sababu hii ya kwamba watakaokuja watakuwa na zaidi, punguzo lake zima lilifika asilimia 1.4 hivi. Mwenyekiti wako amekaa na wachumi bila kujua.

Swali ni moja: una uhakika watakuwa matajiri wa kitu hicho unachowaachia?

---

Mama Mkutano

Hapo hapo alipogusa Kibubu. Mwambie mwenyekiti agawe vitu vyenu mafungu mawili kabla hajaendelea. Pampu, paneli, mabomba, mita: hivi mtu mwenye fedha ananunua. Paneli hudumu miaka 25 hivi, huko mbele huenda zikawa bora na za bei nafuu, na akiba yenu kwa ajili hiyo haihitaji kuwa mlima. Inahitaji kutosha kuwavusha ninyi wenyewe, kwa sababu pampu iliyopo haitawangoja watu wa 2055, itakufa mkononi mwenu.

Fungu la pili ni maji yenyewe chini ya ardhi, na ardhi inayoyapokea. Hayo hayauzwi dukani. Kuna miamba inayojazwa na mvua kila msimu, na kuna inayojazwa polepole kiasi kwamba maji yake ni ya zama nyingine kabisa; maji mengi yaliyo kwenye mwamba mkubwa wa mchanga chini ya Libya na Misri yaliingia humo maelfu ya miaka iliyopita, jangwa lile lilipokuwa linapata mvua. Anayeyachota leo anachota mara moja tu. Je, kisima chenu ni cha aina gani? Kuna mtu anapima kina cha maji kikiwa kimetulia, asubuhi kabla pampu haijawashwa, na kuandika? Kama hakuna, basi jumuiya nzima inabishana kuhusu fedha za benki huku hamjui salio la kitu kinachozizalisha.

Na angalia pendekezo lao la pili, la kushusha bei ya maji. Wote tunalipita haraka kwa sababu kugawana fedha kunapiga kelele zaidi. Mimi ningeliogopa hilo kuliko la kugawana. Fedha zikigawanywa, mnaanza upya kukusanya. Bei ikishuka, watu watachota zaidi, mabustani yataongezeka, na kuirudisha juu baadaye itakuwa vita. Meza ya 2055 mpe swali hili, achana na la mfuko. Waulize: mmeamka leo, maji yako mita ngapi chini, na nani aliyaacha hapo?

SheriaKwanza, hatugombani. Mzee wangu wa mfereji alimaliza kwa kwenda kuandikisha hati, si kwa kutokwa machozi. Lakini hati hiyo hakuna aliyekuwa ameiwaza kabla hajakaa kile kiti. Kanuni huandikwa na watu, na watu huandika kanuni ya jambo waliloliona.

---

SheriaKwanza

Hilo nalikubali. Basi nipendekeze maneno ya kupeleka mkutanoni, muyarekebishe: mfuko usishuke chini ya gharama ya kubadilisha pampu na kusafisha kisima, kwa makadirio ya fundi ya mwaka huo. Kilicho juu ya hapo mkutano uamue unavyotaka, hata kugawana. Sehemu ndogo iwe dirisha la dharura, mkopo, bila riba kama mnaweza. Na kubadilisha kifungu hiki kuhitaji theluthi mbili kwenye mikutano miwili inayofuatana, siyo mmoja. Mkutano mmoja huwa na hasira zake.

Uone kwamba kinawaachia wanachama cha kugawana. Kifungu kinachowanyima kila kitu watakivunja mwaka unaofuata.

---

MwekaHazina_II

Nimekielewa, na naona hata wale wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kukikubali, kwa sababu kwa hesabu zangu mwaka huu kuna kidogo kinachobaki juu ya kiwango hicho.

Kina cha maji hakuna anayekipima. Nimemuuliza fundi, akasema kamba ya kupimia ipo stoo, haijawahi kuombwa. Tumekubaliana aanze wiki hii, angalau siku ya mkutano tuwe na namba chache za kuonyesha, hata kama hazitoshi kusema lolote kuhusu mwelekeo.

Ratiba niliyofikiria: dirisha la mkopo asubuhi, likipita ndipo tusome daftari la waanzilishi, kisha meza mbili. Meza ya 2055 nilipanga kuweka vijana, kwa kuwa wao ndio watakaokuwepo, na wajumbe wa kamati tukae meza ya leo tujibu maswali. Naomba mnikosoe.

---

Mama Mkutano

Ratiba nzuri. Meza ibadilishe. Vijana wakiwekwa 2055 na wazee wakiwekwa leo, mtapata ugomvi wa vijana na wazee, ambao mnao tayari nyumbani. Pigeni kura ya vikaratasi mlangoni, kila anayeingia achukue chake, mwenyekiti akiwemo. Na kama hao waliopita nyumba kwa nyumba wakiangukia 2055, usiingilie. Waandalie tu karatasi kubwa na kalamu, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka.